Nukta Zilizofagiwa

6 Januari

Mpwa wangu,

Pokea salamu za huku chini, kwa sisi tusiolala na mawingu. Wote wazima. Mama yako anasema goti limetulia, ila nikuambie halijatulia, labda utakuja likizo. Mimi nimenenepa. Juzi nilikwenda kununua suruali, muuza duka akanitazama akasema, "Mzee, hiyo saizi ya zamani waachie wajukuu." Wajukuu wenyewe sina. Nimerudi na suruali ya mpira kiunoni, na heshima imebaki dukani.

Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Macho yake, kama nilivyokuandikia mwaka jana, yameshafunga kabisa. Hata mwanga wa dirishani hauoni sasa. Lakini vidole! Anasoma nukta nundu kwa kasi ambayo mimi mwenye macho mawili na miwani siifikii kwa gazeti.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ile kompyuta ya karakana, inayoongoza mashine yetu ya kuchapa nukta, inaumwa. Imeingiwa na virusi. Inachukua muda wote wa chai kuwaka, na ikishawaka inaniuliza kama ninataka kuzungumza na wasichana. Nimeiambia nina mke, haisikii. Hofu yangu ni vitabu. Unajua humo mna vitabu vyote vya shule ya wasioona, alivyovipiga mkaza mjomba wako kwa miaka yote ile alipokuwa bado anaona kidogo. Vya wenye macho vina picha. Vyake vina maneno yake mwenyewe mahali pa kila picha. Picha ya moyo wa binadamu ameieleza mpaka mtoto asiyewahi kuona anaweza kukuchorea. Muhula mpya unafunguliwa Mei, na shule inataka nakala mpya maana za zamani zimechakaa.

Najua huko mlimani, kwenye kituo chenu cha hali ya hewa, simu hazishiki na mtandao wenu kazi yake ni kutuma mvua tu. Basi nijibu kwa hilo lori la chakula. Nifanyeje?

Ni mimi mjomba wako, wa suruali ya mpira.


22 Januari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika pamoja na magunia ya viazi, ikinuka viazi. Mimi mzima. Baridi tu, na mpishi wetu tunayemwita Jemadari anapika uji kama anachanganya zege. Mwambie mama goti lake nimelielewa.

Mjomba, achana na mfumo huo wa zamani. Nakutumia flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, wa bure. Virusi wa wasichana hawataisumbua, na ile programu ya nukta nundu inafanya kazi humo vizuri tu.

Ila sikiliza. Kwanza azima diski ya nje, unakili vitabu vyote humo. Halafu wakati wa kuweka Linux itakuuliza ugawanye vipi diski yako. Usikubali ikae yote kama ukumbi mmoja. Igawe patisheni tatu, yaani vyumba vitatu vyenye kuta. Cha kwanza, chenye alama ya /, ni cha mfumo wenyewe. Cha pili ni kidogo, ni akiba ya kumbukumbu pale kompyuta ikizidiwa. Cha tatu ni /home, nyumbani, ndimo vitakamokaa vitabu vya mkaza mjomba.

Uzuri wake ni huu: siku mfumo ukiharibika, unabomoa chumba cha kwanza na kukijenga upya, na vitabu havijui hata kama kulikuwa na fundi ndani ya nyumba. Ukimaliza kugawa, rudisha vitabu kutoka diski ya kuazima uviweke nyumbani.

Msalimie sana mkaza mjomba. Mwambie ile fulana aliyonifuma naivaa ndani ya nyingine tatu.

Mpwa wako.


9 Februari

Mpwa wangu fundi,

Salamu za ushindi! Mama yako mzima, kuku wake mmoja amekufa na ananishuku mimi. Mkaza mjomba wako mzima. Na mimi, mtu niliyewahi kuunguza pasi kwa kuipiga pasi, NIMEWEKA LINUX.

Diski ya nje nimeiazima kwa mpiga picha wa harusi hapo mtaani. Nimenakili, nimegawa, nimerudisha. Vitabu vyote viko nyumbani. Mkaza mjomba wako alikaa kando yangu, mimi namsomea skrini, yeye anasema "endelea". Mashine ilipotoa ukurasa wa kwanza aliupitisha vidole akasema, "Ndio mimi huyu." Nilitaka kulia, nikakohoa.

Diski nimeshamrudishia mpiga picha, ameshaijaza mabibi harusi wawili.

Kuna jambo dogo tu. Leo kompyuta imeniandikia kwamba nafasi imekwisha, haiwezi kujiongezea kitu, na sasa haiwaki mpaka mwisho. Imekwisha vipi na diski ina gigabaiti mia tano? Labda nikueleze nilivyogawa. Nilifikiri: mfumo ni mgeni, hajafanya kazi hata siku moja katika nyumba hii. Nikampa gigabaiti nane, akae kwa adabu. Ile akiba ya kumbukumbu nikaipa mia moja, maana akiba haiozi. Nyumbani nikapaachia zote zilizobaki.

Nimekosea?

Mjomba wako.


20 Februari

Shikamoo Mjomba,

Gigabaiti NANE? Na akiba mia moja? Nimesoma barua yako nimekaa chini jikoni, Jemadari akadhani nimefiwa. Mjomba, umemlaza mwenye nyumba kwenye kabati, ukalipa godoro chumba kizima!

Naandika mbiombio, lori linawasha injini. Usihofu, hii ndiyo faida ya kuta. Weka Linux upya kwa flashi ileile. Futa patisheni mbili za mwanzo, zile za mfumo na za akiba, ziunganishe, halafu mfumo mpe mia, akiba nane. Ya tatu, ya /home, iache hapo hapo ilipo, uielekeze tu kwamba ndiyo nyumbani. Vitabu utavikuta. Fanya hata leo ukitaka. Dereva anapiga honi, namsikia ananitukana

Mpwa wako.


22 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumai goti, kuku na suruali vyote salama. Lori limeshaondoka na barua yangu ya juzi. Hii italisubiri mpaka lirudi.

Nakukumbusha tu, kama nilivyokwambia: kwenye ule ukurasa wa kugawa, kila patisheni ina kisanduku kidogo kinachouliza kama uisafishe. Kwa mfumo weka alama. Kwa /home USIWEKE. Ukiweka inafuta kila kitu. Kama nilivyokwambia.

Natumaini hujaanza.

Mpwa wako.


3 Machi

Mpwa wangu,

Habari za huko juu? Huku mvua imenyesha, nadhani wewe ulijua kabla yetu. Mama yako kanunua kuku mwingine. Mimi nina kikohozi. Si kikali. Mkaza mjomba wako hajambo, anafanya kazi sana, anahakiki kurasa asubuhi mpaka alasiri, mimi nampelekea.

Kompyuta ni safi. Safi sana. Haijawahi kuwa safi namna hii.

Barua yako ya lori limewashwa nimeipata, na nimefuata ulivyosema, neno kwa neno. Haikuwa ndefu.

Nina rafiki yangu ananiuliza kitu, nikaona nikuulize wewe mtaalamu. Huyu rafiki aliweka Linux kwake, na kila patisheni ilipomuuliza kama isafishwe akajibu ndiyo. Ni mtu aliyelelewa vizuri. Mtu gani anahamia nyumba asiifagie? Sasa anauliza, vitu vilivyofagiwa huwa vinakwenda wapi? Kuna mahali vinarundikwa, mtu anaweza kwenda na toroli?

Jibu polepole tu. Si haraka. Lakini ukiweza harakisha.

Mjomba wako.


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na samahani siulizi habari za mtu.

Huyo rafiki ana kikohozi? Ana suruali ya mpira?

Nimeisoma barua yako nimesimama uwanjani penye vipimo vya upepo, nikasahau kuandika upepo wa saa nane, na mkuu wa kituo kanifokea mbele ya watu. Mjomba, kama ni /home iliyosafishwa, ZIMA KOMPYUTA SASA HIVI. Usiandike kitu, usihifadhi kitu, usiwashe kuangalia kama bado. Vilivyofutwa huwa vipo chini kwa muda, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mimi au fundi mwingine tunaweza kuvichimbua, ila tu kama hakuna kilichowekwa juu.

Nijibu moja kwa moja, bila marafiki. Tangu hapo umefanya nini juu ya hiyo diski?

Na mkaza mjomba anajua? Anahakiki kurasa gani hizo, Mjomba, kama vitabu havipo?

Mpwa wako.


2 Aprili

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo. Hizo ndizo habari njema. Nimezitanguliza kwa sababu ziko peke yake.

Rafiki ni mimi.

Nilipowasha na kukuta nyumbani hakuna kitu, niliduwaa. Nilikaa nikaitazama ile skrini kama mtu anayesubiri mgeni aseme ni utani. Nikazima, nikawasha. Peupe. Basi nikafikiri: kama kuweka Linux kumevifuta, kuweka tena huenda kukavirudisha. Usicheke. Nikaweka tena, nikasafisha tena. Kisha mara ya tatu, nikibadilisha lugha, nikidhani labda iliona haya kusema kwa ile ya kwanza. Halafu nikaijaza mafaili ya bure ya kujifunzia Linux, nijue nilipokosea. Barua yako ya kusema zima ilinikuta ninatazama filamu ya somo la nane. Fundi wa mjini ameichimba diski siku mbili. Kapata picha tatu za kuku wa mama yako na nusu ukurasa wa hesabu. Vitabu hakuna, mpwa wangu. Hakuna hata kimoja.

Sasa la mkaza mjomba wako. Nakuandikia kwa aibu, na bado sijui mtu mzima anapata wapi ujinga wa kiasi hiki.

Nilishindwa kumwambia. Kila asubuhi anakaa mezani, ananyoosha mikono, anasema, "Lete kurasa." Nikaingia stoo. Kuna nakala za zamani zilizorudishwa na shule. Nikawa nachomoa kurasa humo, naendesha mashine itoboe karatasi tupu apate kuisikia, halafu nampa za stoo. Anasoma, ananirudishia, anasema, "Safi, hamna kosa." Nikajiambia nipate muda kidogo, utajibu, vitarudi, hatajua.

Alhamisi iliyopita akasimamisha vidole katikati ya mstari.

"Ukurasa huu umeuchapa lini?"

"Sasa hivi," nikasema. "Bado wa moto."

"Wa moto." Akaupitisha tena, polepole. "Nukta zake zimelala. Nukta mpya zinauma kidole. Hizi zimesomwa na watoto mpaka zimechoka."

Nikasema karatasi za siku hizi ni laini.

"Na siku hizi zinatoka kiwandani na jamu?" Akaninyooshea ukurasa. Pembeni kulikuwa na jamu iliyokauka, mpwa wangu, na alama ya kidole cha mtoto juu yake, nami nina macho mawili na miwani na sikuiona.

Nikamwambia yote, pale pale, nimesimama. Sikuruka kitu. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliweka mikono yake mapajani, akauliza, "Wiki ngapi nimekaa hapa nasoma takataka?" Nikamwambia. Akasema, "Vitabu ni ajali. Vidole vyangu je? Hivi ndivyo macho yangu. Umeyatia mchanga kila asubuhi, na mimi nakwambia asante."

Hajasema nami tangu siku hiyo. Ananipita ukumbini kama kiti, na kiti angalau hukigusa ajue kilipo.

Ile barua yako ya "kama nilivyokwambia" nayo ilifika, baadaye. Nimeiweka.

Mjomba wako.


17 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nilipofika pale penye jamu niliiweka barua chini. Wewe! Mtu wa kusalimia hata paka! Ungemwibia mali ningeelewa upesi kuliko hili. Nimekukasirikia siku nne, na wa kukasirikiwa wapo wawili.

Habari ya kile kisanduku sikukwambia, Mjomba. Unajua sikukwambia. Ile ya kwanza niliandika mbio, nikalisahau neno moja lililokuwa na maana kuliko yote. Nikakumbuka lori limeshapinda kona. Nilikimbia nyuma yake mpaka kwenye daraja, nimevaa ndala. Halafu nikakaa nikakuandikia "kama nilivyokwambia", tena mara mbili, ili ikitokea balaa liwe lako. Nawe ukanyamaza, hukunisuta hata kidogo. Ningependa ungenisuta.

Mwambie mkaza mjomba kwamba mimi ndiye. Kama hasemi nawe, mwambie hivyo hivyo ukiwa umesimama mlangoni, masikio hajayafunga. Mwezi wa sita nina likizo, nitakuja, nitapiga kitabu kwa kitabu. Sijui nukta nundu, lakini nitajifunza.

Shule imeambiwa?

Mpwa wako, naona haya.


11 Mei

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, na haya zako pia, tumezigawana. Mama yako anasema ukija Juni umletee viazi vya huko. Nimemweleza vinakwenda huko kutoka huku. Haelewi.

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilisimama mlangoni nikamsomea barua yako yote, na ile sehemu ya ndala nikaisoma mara mbili. Hakugeuka. Lakini nilipomaliza akasema, si kwangu, kwa dirisha: "Wajinga wawili, na lori." Kisha akachukua fimbo yake akaenda shuleni peke yake.

Alichofanya huko sikukitarajia. Alisimama mbele ya wanafunzi akawaambia vitabu vimefutwa, vyote, na nani kavifuta. Mwalimu mkuu aliniambia baadaye kwamba darasa zima lilishtuka, halafu msichana mmoja wanayemwita Redio, kwa sababu hazimwi, akamwambia mkaza mjomba wako, "Lakini Mwalimu, si tunavyo?" Akaanza kusema sura ya moyo, kutoka kichwani, na koma zake.

Basi kila alasiri sasa karakana imejaa. Wanakuja na vitabu vyao vilivyochakaa, mmoja anasoma kwa vidole kwa sauti, mkaza mjomba wako anapiga zile funguo sita za kibodi, moja kwa kila nukta, hatazami popote, haulizi kitu. Palipochakaa sana, wanabishana mpaka wakumbuke. Na hapo, mpwa wangu, nikapigwa na butwaa lingine. Redio alifika penye ng'ombe akasema, "Mwalimu, hapa pana kosa, ng'ombe ana miguu mitano."

"Tangu lini?" mkaza mjomba wako akauliza.

"Tangu zamani. Tuliona ndivyo walivyo."

Walikuwa wanajua makosa kumi na kitu! Hawakusema miaka yote kwa kuwa ni kitabu cha Mwalimu. Nilidhani atavunjika moyo. Alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Machi.

Hatukuuwahi muhula wa Mei. Shule imefunguliwa na vitabu vinne tu, vingine watavisubiri, na viwili nadhani havitarudi kamwe kwa maneno aliyoyaandika. Hilo nalisema wazi, hata kwa mwalimu mkuu nimelisema wazi. Diski nimegawa upya kama ulivyoelekeza, mfumo mia, akiba nane, na /home ina neno la siri. Alilipiga mwenyewe, nikiwa nje, mlango umefungwa. Kila jioni nakala inakwenda shuleni, anaipeleka yeye.

Nami nimepewa adhabu. Unajua kwamba miaka yote hii nukta nundu nimekuwa nikizisoma kwa macho, kama mtu anayekula kwa kutazama. Jana aliniketisha, akanifunga macho kwa kitambaa cha kufutia miwani yangu mwenyewe, akaniwekea karatasi mbele. Nikasikia amekaa upande wa pili wa meza.

Mpwa wangu, ni kitu cha kutisha. Kila nukta ni kichuguu, na vyote vinafanana. Nilipapasa ile herufi ya kwanza mpaka jasho likanitoka. Nikaikosea, nikarudi, nikapata "ch". Nikafika herufi ya tatu nikasahau ya kwanza. Nje nilisikia watoto wametoka shule, wakapita, wakaisha. Mara moja yeye alishika kidole changu cha shahada, akakilaza kidogo, kwa sababu nilikuwa nachimba badala ya kusoma, akakiachia.

Nilipomaliza mstari nikausoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Chai. Yako. Iko. Mezani. Imepoa."

Nikavua kitambaa. Ilikuwepo, mbele yangu, na kweli ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Alijua mapema, wakati anatoboa hizo nukta, ningechukua muda gani.

Nimeinywa yote.

Njoo Juni. Kitambaa kipo kingine.

Mjomba wako, mwanafunzi.